Makapi ya Mtama Kwenye Pangaboi la Mlimani

Mume wangu alikuwa fundi seremala, na ugonjwa wake mkubwa ulikuwa msasa. Mlango uliotoka mikononi mwake, ungeweza kujitazama uso ndani yake. Hata mwiko wangu wa ugali aliusugua mpaka ukawa unateleza, nikamwambia kwamba siku ukizama kwenye sufuria ni yeye atakayeingiza mkono. Akacheka, akauchukua, akaenda kuusugua tena. Nayasema haya mwanzoni kwa sababu taabu yote tuliyoipata na lile pangaboi la mlimani ilianzia kwenye msasa wake, na pia kwa sababu nilimpenda mtu yule, msasa na vumbi lake vyote, na bado nampenda.

Tuliishi Chonyonyo. Nyumba ilikuwa pembeni mwa kibanja cha migomba na kahawa, na nyuma yake kilipanda kilima cha nyasi tupu ambako kila mtu alipeleka nafaka yake kupepeta. Mimi nilizaliwa Mabira, Mnyambo na Mlutheri, nikaolewa pale vita vilipokwisha na maduka yakaanza kubaki na rafu tupu. Mume wangu hakuzaliwa huku. Aliletwa mgongoni na mama yake, akiwa mchanga, kutoka ng'ambo ya mto, mwaka walipokimbia kwao. Mama alivuka na mtoto huyo mmoja na mkungu wa ndizi. Mdogo wake Mama, wa kike, alibaki upande wa pili, kwa sababu usiku ule walikimbia njia mbili tofauti, na tangu hapo hakuna aliyejua kama mwenzake yu hai.

Mama mkwe wangu alikuwa mtu wa maneno machache. Ukimwamkia "Shikamoo mama" alikujibu "Marahaba mwanangu" kwa sauti ya mtu anayekugawia kitu, kisha akaendelea na kazi yake. Kumbe ndani ya ukimya ule alikuwa anangoja. Nililijua hilo siku alipopita kwetu kibarua mmoja aliyekuwa ametoka ng'ambo kutafuta kazi ya kuvuna kahawa. Waliongea lugha yao mlangoni, mara nikamwona Mama anashika mwimo wa mlango. Yule bwana alikuwa amemwambia kwamba huko kwao, jioni, kwenye matangazo ya redio, alisikia jina lake likiitwa. Jina lake, jina la baba yake, na kilima walikozaliwa. Mdogo wake alikuwa anamtafuta. Tangazo lilitaja na mahali anapoishi sasa, lakini hapo ndipo kibarua alipoinua mikono. Jina la mahali lilikuwa limemtoka kichwani.

"Atatangaza tena," Mama alituambia jioni ile. "Ninamjua. Tangu utotoni akikuita mara moja usipoitika, anaita mpaka uchoke wewe."

Redio tulikuwa nayo. Ilikaa kabatini chini ya kitambaa nilichokifuma mwenyewe, na redio ya ng'ambo ilishika kwetu vizuri kuliko ya Dar es Salaam. Kilichokosekana ni betri. Wasiokuwepo miaka ile hawaamini nikiwaambia kwamba duka zima lingeweza kuwa na chumvi na mwenye duka tu. Betri zilizokwisha tulizianika juani juu ya bati, tukazirudisha, redio ikakohoa maneno mawili, ikanyamaza. Majirani hali ilikuwa hiyo hiyo. Kila jioni, saa ya matangazo, Mama alivuta kigoda akakaa karibu na redio iliyokufa, akaifuta vumbi, akaifunika tena. Hakulalamika. Afadhali angelalamika! Mimi nikikasirika napiga kelele na inaisha, lakini ukimya wa mama yule ulikuwa unanikwaruza roho.

Mume wangu alikuwa ameona kwenye misheni moja mashine ya upepo inayovuta maji. Siku moja alirudi na dinamo ya lori bovu na betri kubwa ya lori hilo hilo, akatangaza kwamba upepo wa kilimani utamsikilizisha mama yake redio. Alichonga mapanga matatu kwa mti wa musizi, marefu kunizidi, kila moja likiwa na mgongo ulionyanyuka kidogo na upande mmoja mnene kuliko mwingine. Alisema aliyachonga kwa kumtazama kipanga akiwa angani. Halafu, bila shaka, akayapiga msasa. Msasa mkali, msasa wa wastani, msasa laini, kisha vanishi, kisha msasa tena, kisha vanishi. Yalipomalizika niliweza kujifungia kilemba kwa kujitazama ndani yake.

Tukayapandisha juu ya nguzo kilimani. Gurudumu la baiskeli na mkanda vilizungusha dinamo, waya ukashuka mpaka kwenye betri ya lori chini ya dirisha la Mama. Watu wakaja kuangalia. Wakalibatiza jina papo hapo: pangaboi. Mwanamke mmoja aliniuliza kama mume wangu anawapepea ng'ombe joto.

Na pangaboi likazunguka, ila pale tu upepo ulipokuwa mkali wa mchana wa kiangazi, ule unaoangusha migomba. Upepo wa kawaida ulipokuja, huu wa asubuhi na wa alasiri unaotikisa majani tu, mapanga yalianza kujivuta, yakatetemeka, yakasimama kama mtu aliyesahau alichokuwa anakwenda kufanya. Betri haikujaa hata siku moja. Redio ilisema dakika chache, ikazimika katikati ya taarifa ya habari, na matangazo yalikuwa baada ya habari. Fikiria mwenyewe. Mama anasikia mpaka mlangoni kwa mdogo wake, kisha mlango unafungwa.

Mume wangu alibadilisha mkanda, akabadilisha gurudumu, akapaka grisi. Mwishowe akayashusha mapanga, akayalaza juu ya magogo kule kilimani, akapanda baiskeli kwenda Omurushaka kutafuta bolti nyingine.

Siku hiyo Mama alipanda kilimani na kibuyu chake kidogo cha samli. Kwao, chombo kipya cha nyumbani hupakwa samli kabla hakijaanza kazi, kibuyu cha kusukia maziwa, kitanda cha bibi harusi, hata mpini wa jembe. Alikuwa amekaa muda wote akiona mwanawe anapandisha kitu kikavu mbinguni na hakupenda kumwingilia. Sasa akapata nafasi. Akashika kila panga kwa ukingo wake mnene, akapitisha mkono wenye samli kutoka mwanzo mpaka ncha, mgongoni, karibu na ule ukingo, akinong'ona maneno yake. Mimi nilikuwa hatua chache upande unakotoka upepo, na ungo wangu, napepeta mtama. Wote wawili tulikuwa tunafanya kazi zetu. Nilipoinua macho, makapi yangu yote yalikuwa yameruka yakatua kwenye samli yake. Mapanga ya fundi mkuu yalikuwa yameota ndevu.

Tulitazamana na Mama. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona anacheka mpaka anafuta machozi.

Mume wangu alirudi mawingu yakiwa yametanda. Alipoona ndevu zile aliita watakatifu wote wa Kanisa Katoliki.

"Nani kafanya hivi?"

"Mama kapaka samli," nikasema, "na mimi nikapamba."

"Nitayasafisha Jumamosi. Ngoja niyafunge kwanza kabla ya mvua."

Akayafunga hivyo hivyo, ananung'unika ngazini. Mvua yenyewe haikuja. Asubuhi nilitoka kwenda kuchota maji, migomba imetulia, moshi wa jikoni kwangu unapanda karibu wima, nikainua kichwa. Pangaboi lilikuwa linazunguka. Si kwa kujivuta, linazunguka kwa adabu, bila kusimama. Nilimwamsha mume wangu kwa kumvuta mguu. Akatoka na shuka, akasimama uani, mdomo wazi.

"Bolti," akasema. "Nilijua ni bolti."

Siku zile redio ilifika mpaka mwisho wa matangazo. Mama alikaa na kigoda chake, ameinamisha kichwa, kila jina linalosomwa anatikisa kidole kukataa: siye, siye, siye. Jina lake halikuja, lakini alilala amesikia kila kitu, na asubuhi aliniitikia shikamoo yangu kwa sauti ya mtu mwenye nafasi moyoni. Nikaanza kuamini bolti.

Ikafika Jumamosi. Mume wangu alikuwa mtu wa kutimiza ahadi hata zile ambazo hakuna aliyezihitaji. Akayashusha mapanga, akayaosha kwa mafuta ya taa na sabuni, akayapiga msasa, akayapaka vanishi mpya, akayapandisha yakiwa yanang'aa. Likasimama. Wiki nzima pangaboi lilisimama kama lilivyokuwa mwanzo, na betri ikaanza kufa, na redio ikaanza kukatikia kwenye habari.

Alikagua bolti. Bolti ilikuwa ile ile. Hapo nyumba yetu ikageuka bunge.

"Umeosha samli," Mama akasema, kwa upole.

"Mama, samli haisukumi kitu."

"Basi makapi!" nikasema mimi, na sikusema kwa upole hata kidogo. "Umeng'oa makapi yangu! Kila kitu wewe unataka kukikwangua. Mama yako anaitwa kule ng'ambo, wewe unapiga msasa!"

Mwanaume mwingine angenijibu vibaya, na wakati ule wengi walijibu kwa mkono. Yeye aliondoka akaenda kilimani, akakaa chini ya nguzo mpaka giza likaingia, na aliporudi aliuliza kitu ambacho sikukitarajia.

"Ule uzi wa sweta ya binti yetu umebaki kiasi gani?"

Kesho yake tulipanda wote watatu. Alikata uzi vipande vifupi kama kidole, akavibandika kwa gundi kwenye mgongo wa panga moja, mistari kwa mistari, ncha zikining'inia. Halafu akaliinua panga, akaligeuzia upepo, akaniambia nitazame nyuzi. Karibu na ukingo mnene zililala zikielekea nyuma, zimenyooka. Lakini kuanzia katikati zilikuwa zinaruka juu, zinazunguka, nyingine zinaelekea mbele kabisa, upepo unakotoka, kama vile zinakimbia.

"Upepo unabanduka," akasema polepole. "Unapanda mgongo vizuri, ukifika katikati unaachia. Panga linabaki linaburuta hewa iliyochafuka."

Akaomba samli. Mama akampa kibuyu kwa uso wa mtu aliyeshinda kesi. Samli peke yake, nyuzi zikaendelea kuruka. Kisha akaniomba makapi. Niliyamwaga mwenyewe juu ya samli, kwenye ule mstari karibu na ukingo, kwa furaha ambayo sitaificha. Akaliinua tena panga kwenye upepo ule ule.

Nyuzi zote zililala. Mpaka karibu na mwisho wa panga zililala, zinatetemeka kidogo tu. Nilipiga kigelegele. Mume wangu hakupiga chochote, alisimama amelikumbatia panga lake chafu. Maskini, miaka yote ile ya kulainisha mbao, na kumbe upepo haukutaka ulaini wake. Ulitaka ukwaruzwe kidogo pale mwanzo, uchanganyike, upate nguvu ya kuushika mgongo wote bila kuachia.

"Ni makapi," nikasema.

"Makapi yameshikwa na nini?" Mama akauliza.

Mabishano hayo hayakuisha kamwe.

Sasa akili ya fundi ikafunguka upande wa pili, na akapitiliza. Alichukua gundi na vumbi la mbao akapaka panga zima kuanzia mbele hadi nyuma, likawa kama mgongo wa mamba, na pangaboi likawa zito kuliko mwanzo. Nilimwambia chumvi ni tamu, lakini haiwi chakula. Akakwangua, akabaki na mstari mwembamba tu. Kisha akagundua siri nyingine mwenyewe: alikata vipande vidogo vya bati kutoka kopo la mafuta ya kupikia, kila kimoja kama ukucha wa kidole gumba, akavisimamisha kwenye mstari ule, viwili viwili, vimeelekeana mshazari. Nyuzi za sweta zikalala kuliko zilivyolala kwa makapi. Havikuwa vinasogea, havikuhitaji mtu wa kuvishika, vilikaa tu pale na upepo ukijikwaa juu yake ukapata akili. Siku hizi binti yangu ananionyesha kwenye simu picha za mashine kubwa za upepo za nchi za watu, kila panga refu kuliko kanisa letu, na mgongoni zimebandikwa vipande vile vile, mistari mirefu ya kucha. Nilimwambia baba yake aende akadai. Akasema hapana, hawakutumia samli, kwa hiyo ni kazi tofauti.

Tulipandisha mapanga yale masika yalipokuwa yanaanza, wakati upepo wetu ni hafifu kabisa. Yalizunguka. Betri ikajaa, ikabaki imejaa. Kila jioni Mama alikuwa kwenye kigoda chake, kidole kinatikisika: siye, siye. Sisi wawili tulijifanya tunafanya mambo mengine, yeye anachonga kitu, mimi namenya ndizi, lakini masikio yetu yote yalikuwa kwenye kabati lile. Niliogopa. Nilianza kufikiri kwamba labda mdogo mtu ameshachoka kuita, na kwamba tumemkarabatia Mama redio ili asikie vizuri kwamba haitwi.

Jioni moja kidole kilisimama.

Sikuijua lugha ile vizuri wakati huo, lakini jina la mama mkwe wangu nililijua, na nililisikia likitoka kwenye redio kwa sauti ya mwanaume mgeni asiye na haraka. Jina lake. Jina la baba yake. Kilima. Mume wangu aliacha kisu. Msomaji alikuwa anaendelea, mahali fulani, parokia fulani, mdogo wako yuko hapo, anauliza kama upo. Mama alikuwa amesimama. Alikuwa ameshika kanga yake, anaifunga vizuri kiunoni kama mtu anayeitwa mbele za wakubwa, na kabla msomaji hajamaliza, akaijibu redio kwa sauti ambayo sikujua kama anayo.

"Yego! Ndiho!"

Ndiyo! Nipo, niko hai! Akarudia, kwa nguvu zaidi, akiwa amekisogelea kile kitambaa changu, maana ile redio ilikuwa imeshahamia kwa mtu mwingine na alitaka isikie. Mume wangu alimshika mabega. Alikuwa analia kama mtoto, na mimi pia, ndizi mkononi. Jina la mahali aliliandika kwa mkaa ukutani papo hapo, juu ya ukuta aliokuwa ameupaka chokaa mwenyewe na ambao hakuna aliyeruhusiwa kuugusa. Lilikaa pale miaka.

Asubuhi yake nilimkuta Mama ananingoja mlangoni na kibuyu cha samli.

"Mwanangu, ungo wako uko wapi?"

Tukapanda. Mume wangu alishatangulia, alikuwa ameegemeza ngazi na kuyafunga mapanga yasizunguke. Mtu huyu aliyekuwa hawezi kuvumilia alama ya kidole kwenye meza alishika ngazi kwa mikono miwili wakati mama yake anapaka samli juu ya kucha zake za bati, moja baada ya nyingine, bila haraka. Samli ilimdondokea kwenye nywele. Mimi nilikaa upande unakotoka upepo nikapepeta, ingawa siku ile sikuwa na mtama wa kupepeta, yalikuwa makapi matupu niliyoyabeba makusudi.

Tuliandika barua kwenye parokia ile, na mdogo wake Mama akaja baada ya mavuno ya kahawa, kwa miguu kutoka kivukoni, na mwanawe akiwa amembebea mkeka. Hatukumruhusu arudi haraka, na kila alipotaka kurudi Mama alipata ugonjwa fulani, mgongo, jicho, jino, mpaka akawa mtu wa kwetu kabisa, yeye na mwanawe. Ndiyo maana alikuwa uani kwetu, anachambua maharage, miaka baadaye, siku watu walipoanza kushuka kutoka ng'ambo kwa maelfu wakikimbia mauaji, na redio ile ile ikawa inasoma mambo yaliyomfanya Mama aniombe niizime. Niliizima. Wazee wale wawili walikaa wameshikana mikono mpaka jua likazama, na nakumbuka nilitazama kilimani nikamshukuru Mungu kwa kitu cha kijinga kabisa, makapi ya mtama.

Lakini ninayopenda kuikumbuka ni siku aliyofika. Walikumbatiana pale njiani muda mrefu, hawaachiani, wanapapasana nyuso. Walipoweza kuongea, yule mgeni aliinua macho, akaona juu ya kilima mapanga matatu yanazunguka kwenye upepo usiotikisa hata jani la mgomba. Akauliza kile ni kitu gani.

Mama aligeuka akatazama, kana kwamba na yeye anakiona kwa mara ya kwanza.

"Hicho," akasema, "ndicho kilichokusikia."